Mkono Kwanza

Katika ukumbi wa zamani wa wachimba shaba, Kilembe,
bati limetoboka mahali patatu
na jua la saa kumi linatuchungulia humo,
ncha tatu nyembamba juu ya saruji.

Thembo ni mchomeleaji wa mageti.
Asubuhi anachoma, jioni anatufundisha kuchoma,
na akilitamka neno hilo hatujui
anasema moto au anasema ncha.
Panga zetu kazitengeneza mwenyewe,
ndefu, nyembamba, zinapinda kama ufito mbichi.
Bakuli la supu limegeuzwa ngao ya vidole.
Kwenye ncha, kizibo cha mpira
kilichokatwa katika tairi la pikipiki.

Ana fotokopi za michoro ya kale:
wanaume wa Italia, suruali zimefura,
miguu imetanuka kama bikari.
"Hawa nao walikuwa na magoti," husema,
akiyapapasa ya kwake, yanayolia akichuchumaa.

"Mkono kwanza.
Mkono ndio hodi.
Ukitanguliza mguu umeingia kwa watu kimyakimya,
usimlaumu mwenye nyumba."

Kisha anaunyoosha, taratibu,
kama mtu anayepokea chenji dirishani.
Bega bado halina habari.
Mwili wote umekaa nyuma, umestarehe,
ncha tu ndiyo iliyokwisha kuondoka.
Ndipo mguu wa kulia unateleza chinichini,
karibu ukwangue saruji;
goti linasimama juu ya kiatu, halipiti;
mguu wa nyuma unanyooka wote
na kisigino kimegandia chini.
Basi. Hilo tu.
"Nina miaka tisa nalo," anasema, "bado linanikwepa."

Mguu wangu mimi umelelewa na milima.
Kwetu asiyetanguliza mguu hafiki shule, hafiki zahanati,
hafiki kokote kabla ya mvua.
Nikiuambia mkono nenda, mguu umeshakwenda,
umesimama kule mbele, unanisubiri kwa aibu.

Ametundika nati kwa uzi kwenye boriti.
Niitie ncha katika tundu lake.
Mara arubaini nimeigonga pembeni,
nati ikazunguka ikinicheka.
Mara ya arubaini na moja nilichoka,
nikausahau mguu.
Mkono ukaenda peke yake, kama wa mtu mwingine.
Uzi haukutikisika.

Jumamosi akanipanga na Bwambale,
anayenizidi kimo kwa kichwa kizima,
anayeruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.
Kupitia wavu wa barakoa niliyaona mapaja yake yakiamua.
Mguu ulitoka. Kiatu kilipiga sakafu.
Upanga wake ulikuwa bado nyuma, ukitafuta njia,
na mimi nilikuwa nimenyoosha mkono,
sikuongeza kitu.
Akajileta kifuani mwake mwenyewe.
Chuma kikapinda upinde mzuri kati yetu,
nikasikia pumzi yake ikipita kwenye kitasa
hadi kiganjani mwangu.

Wenzangu walipiga makofi. Bwambale alicheka, akajisugua.
Thembo hakucheka.
"Umechoma nini? Umesimama mlangoni,
mtu akajigonga. Rudi kwenye chaki."

Nilirudi. Na kurudi nako kuna sheria zake:
goti la nyuma likunjike, kiuno kifuate,
mkono ubaki ulipo, umenyooka,
mpaka mwili ufike salama.
Mkono hutangulia kubisha,
na ndio wa mwisho kuaga.

Usiku umeme ulikatika.
Mama akaomba kibiriti kutoka upande wa jiko.
Gizani nikanyoosha mkono,
nikasubiri,
kisha mguu, chinichini, pasipo sauti.
Vidole vyake vilikikuta kibiriti pale pale
alipovipeleka.
Akawasha. Akanitazama nilivyotanuka
katikati ya jiko, kati ya sufuria na ndoo.

"Mbona mapaja yanakutetemeka?"